Mpaka Uliokata Matuta

Wewe unayenisikiliza, usiogope neno sera. Nitakueleza polepole, na utaona halina ugumu wowote. Ugumu ulimpata mama yangu.

Miaka ya sabini, mama alikuwa na shamba mteremkoni, huku kwetu Makueni. Yeye na mwethya, lile kundi la wanawake wanaosaidiana kulima kwa zamu, walikuwa wamechimba matuta yaliyokingama shambani, ili mvua isimame, izame, isiteremke na udongo.

Akaja ofisa wa kugawa ardhi. Akavuta kamba kutoka juu hadi bondeni. Huo ndio mpaka wetu na jirani, akasema. Matuta yakatwe kamba inapopita, upandwe mkonge.

“Kijana wangu, nikiyakata, maji yataenda wapi?”

“Maji si kazi yangu, mama. Mimi ni wa mipaka.”

“Basi yaambie yafuate mkonge wako, yasiingie kwa watu.”

Wanawake walicheka. Ofisa hakucheka. Mama akakata.

Bwana kilimo alipopita akamfokea kwa kuharibu matuta. Mama akaziba. Wa mipaka akarudi, akamwonya kwamba kuvuruga mpaka ni kesi. Mama akafungua tena, viganja vimejaa malengelenge.

Utauliza kwa nini wawili hao hawakuzungumza. Hapo ndipo inapoingia ile sera: kila mmoja alipokea amri kutoka wizara yake, na amri hizo hazikukutana popote chini ya makao makuu, Nairobi. Nilimpeleka mama kwa chifu.

“Mimi ni wa DC, mkuu wa wilaya,” chifu akasema. “Hao si watu wangu. Jaribuni ofisi zao za wilaya, Machakos.”

Machakos kila ofisi ilituambia mtu wake hakukosea. Na ni kweli, kila mmoja alikuwa ametii barabara. Ndiyo maana mpaka leo sina hata mtu mmoja wa kumchukia vizuri.

Mvua ya Novemba ikaingia kwenye mpaka kama mferejini. Kufikia Krismasi palikuwa na korongo, na upande wa chini, mama alikopanda kunde na mbaazi, yalibaki mawe. Hakulima huko tena. Hati ya shamba ilitoka baada ya miaka mingi, vipimo sahihi kabisa, korongo likiwemo.

Wewe usivunjike moyo. Ofisa wa ardhi akikuamuru ukate kitu shambani, weka jembe chini kwanza. Mwite na wa kilimo, wasimame wote wawili hapo siku moja, wakubaliane ukiwasikia. Ndipo uchimbe.