Paka wa Mama, Ghorofa ya Nne

Mama yangu alifika kwangu Nakuru na mfuko mmoja wa nguo na katoni iliyotobolewa matundu, na kabla hata hajakaa akatoa sharti. Ndani ya katoni alikuwamo paka wake. "Huyu akishindwa kukaa hapa," alisema, "ujue na mimi nimeshindwa. Tutarudi wote wawili." Nikacheka. Nilidhani ni uchovu wa safari unaosema.

Kurudi kwenyewe kulikuwa kurudi Kihoto, kule Naivasha, kwenye nyumba ambayo ziwa lilikuwa limeingia na kukataa kutoka. Maji yalikuwa yamefika chini ya dirisha la sebule. Mama alikuwa amehamia jikoni, chumba cha mabati nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka kidogo, na kila asubuhi alikuwa akichora alama ya maji ukutani kwa mkaa. Asubuhi moja alifungua mlango akakuta nyayo za kiboko kwenye matope, hatua chache tu kutoka mahali alipolala. Aliniambia hayo kwa simu kwa sauti ya mtu anayekupa bei ya sukari. Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa kazini nikaenda kumchukua.

Kwa hivyo sharti lake halikuwa mchezo, ila mimi nilichelewa kulielewa. Mama si mtu wa kurudia neno.

Tatizo ni kwamba paka yule hakuwa amewahi kufungiwa mlango maishani mwake. Naivasha alikuwa anatoka alfajiri na kurudi akitaka. Kwangu ni ghorofa ya nne, chini kuna barabara ya magari, na uani kuna mbwa wawili wa mlinzi ambao hawana adabu hata kwa wapangaji. Kutoka nje hakukuwezekana. Siku mbili za kwanza alijibanza nyuma ya friji. Siku ya tatu alitoka akachana mkono wa sofa mpaka sponji ikaonekana. Siku ya nne alikojolea viatu vyangu vya kazi, vyote viwili, kwa usawa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilipiga kelele. Nilisema paka gani huyu, nilisema hii ni nyumba ya watu si zizi, nilisema mengi. Mama aliinuka akaingia chumbani kwake, na nikiwa pale na kiatu mkononi nikasikia zipu ya mfuko wake. Alikuwa hajatoa humo hata nguo moja kuiweka kabatini. Kila siku alichomoa ya kuvaa na kurudisha ya jana. Ile zipu ilinitia baridi mwilini, kwa sababu niliona kabisa mabati, matope, na kiboko akipita gizani.

Kesho yake nikaenda mjini, kwenye duka moja la vitu vya wanyama. Niliingia kwa pupa ya mtu anayenunua dawa. Dada wa duka alinisoma mara moja. "Paka wako ni wa ndani, madam? Basi wewe unahitaji seti." Akanionyesha choo cha paka chenye paa na kimlango cha kupepea. Akanionyesha kola nyekundu yenye kengele. Akanionyesha kijumba cha manyoya. Halafu akanipeleka nyuma, akanionyesha kile alichokiita mti wa paka: nguzo mbili nyembamba, vikalio vitatu vimepangana kama ngazi, vyote vimevikwa zulia la rangi ya krimu. Sofa yangu ni ya krimu. Sikuuliza urefu, sikuutikisa, sikujiuliza paka mwenyewe ana uzito gani. Niliona tu vile utakavyokaa pale karibu na dirisha, na vile wageni watakavyosema, he, kumbe hata paka kwenu ana fanicha.

Nilivibeba vyote mpaka juu kwa mikono yangu. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli yake, paka mapajani, na wote wawili wakanitazama nikifungua mabunda.

Choo chenye paa kilikataliwa saa hiyo hiyo. Paka alinusa kimlango, kikapepea, akaruka nyuma. "Hapo haingii," mama akasema. "Akienda haja anataka kuona nani anakuja. Humo ndani mtu anamvamia." Nikamwambia aache, atazoea. Nilipotoka kazini siku iliyofuata nilikuta mama amechukua beseni langu la zamani la kufulia, ameliweka kwenye pembe tulivu ya veranda ndogo ya nyuma iliyozibwa kwa wavu, amelijaza mchanga, na paka analitumia vizuri kabisa. Kola nayo ilidumu asubuhi moja. Kila akisogea kengele ikalia, na yeye akawa anakimbia ile kengele nyumba nzima. Mama aliivua bila kuniuliza. Niliudhika, nasema ukweli. Vitu nilivyochagua kwa mapenzi yangu vilikuwa vinarudi kwenye mabunda kimoja kimoja, na kila kimoja nilikihesabu kama hatua ya kuelekea Kihoto.

Ukabaki mti. Mti huo niliapa hautashindwa.

Sasa, kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Sijui nani alituanzishia. Sofa ya shangazi yangu ilikaa na nailoni yake mpaka watoto wakawa watu wazima. Ukiikalia na gauni fupi wakati wa jua, kuinuka ni kazi. Rimoti inafungwa nailoni na mpira juu. Gari la mjomba lilikuwa na nailoni kwenye viti hata baada ya kugongwa. Nikakua nikijua kwamba nailoni ni heshima kwa kitu, kwamba kukivua ni kukubali kimeanza kuzeeka. Kwa hivyo vikalio vyote vitatu vya mti wa paka nikaviacha na nailoni yake imekazwa vizuri, inang'aa.

"Toa hiyo nailoni," mama akasema.

"Itachafuka, Mama. Ni krimu."

"Paka ana kucha. Kucha zinataka pa kushika."

"Atashika nguzo."

Mama akaugusa mti kwa kidole kimoja. Ukayumba. Akanitazama, akarudi kwenye stuli yake.

Kwa siku nne paka hakuugusa. Nilikuwa nikirudi nyumbani, kitu cha kwanza natazama vikalio kama kuna unyoya. Hakuna. Niliweka dagaa kwenye kikalio cha juu. Alikaa chini akawatazama wale dagaa mpaka mama akawatoa kwa sababu ya harufu. Siku ya Ijumaa mama aliniuliza, hivi hivi, tukiwa tunakula, magari ya kwanza ya Naivasha yanaondoka saa ngapi. Nikasema sijui, na nilikuwa najua.

Jumamosi alasiri joto lilikuwa limezidi, nikafungua kioo cha dirisha la sebule, lile lililo kando ya mti. Grili ipo, lakini ni ya kuzuia mwizi, si paka. Nilikuwa napasi nguo. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Njiwa akatua nje, kwenye ukingo wa zege.

Paka alitoka chini ya meza bila sauti. Kikalio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilimwona na moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nimwambie mama, unaona sasa. Akajikunja pale juu akaruka kumwelekea njiwa, na miguu ya nyuma ikateleza kwenye nailoni. Nilisikia kucha zikikwaruza, ule mlio mwembamba. Mti wote ukainama ukagonga ukuta. Paka akapita katikati ya vyuma vya grili ubavu ubavu, akapotea.

Sikumbuki nilivyoiacha pasi. Nilifika dirishani nikachungulia. Hakuwa ameanguka chini. Alikuwa kwenye ukingo wa zege, chini ya dirisha, umbali wa karibu mkono wangu wote, amejibana ukutani. Ukingo wenyewe ni upana wa kiganja. Chini yake ghorofa nne, na mbwa wa mlinzi tayari wameinua vichwa.

Nilipitisha mkono kwenye grili mpaka bega likakwama. Kidole changu kimoja kikagusa sikio lake. Akarudi nyuma hatua moja, na mguu mmoja ukakosa pa kukanyaga, ukaning'inia, ukarudi.

"Toa mkono," mama akasema nyuma yangu. Alisema polepole. "Unamfukuza."

Nikautoa. Mama alikuwa anavua sweta yake, ile ya sufu nzito aliyoifuma mwenyewe. Alifunga mkono mmoja wa sweta kwenye chuma cha grili, mafundo mawili, akaivuta kuijaribu, halafu akaiteremsha nje polepole mpaka ikamfikia paka ubavuni. Akaanza kumwongelesha kwa lugha ya kwetu, maneno ya kawaida tu, ya asubuhi, ya kumwita mtu chai imeiva. Upepo wa Nakuru na vumbi lake ukaja, sweta ikapeperuka, paka akafumba macho. Nilikuwa nimeshika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Mama hakubadilisha sauti. Upepo ukapungua, sweta ikamrudia, naye akainua mguu wa mbele akachomeka ukucha. Halafu wa pili. Sufu ikavutika, ikarefuka, nikasikia nyuzi zikikatika moja moja. Akapanda. Alipofika kwenye vyuma mama alimkamata ngozi ya shingo na kumvuta ndani, akaanguka naye chini, akakaa pale sakafuni na fulana yake, amemkumbatia.

Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeogopa mpaka nikakosa akili, nilisema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nafunga macho. Nilisema, "Lakini Mama, si ungefunga hilo dirisha?"

Mama akaniangalia. "Umelifungua wewe," akasema. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani na paka wake. Zipu.

Nilisimama na ile harufu ya shati lililoungua. Nilizima pasi. Halafu nikachukua kisu jikoni nikaenda kwenye mti nikaikata ile nailoni, kikalio kwa kikalio, nikiivuta kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua namkasirikia nani. Nailoni ilikuwa na michirizi minane, mirefu, mahali kucha zilipotafuta pa kushika. Niliikunja nikaenda nayo mlangoni kwa mama kumwonyesha kwamba nimetoa, kwamba basi, nimekosa, asiende.

Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Mama alikuwa anakunja blanketi. Lakini hakuwa analitoa kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha hoteli, shuka limenyooka, mto haujaguswa. Blanketi alilitoa sakafuni, juu ya mkeka, upande wa pili wa kitanda ambao mtu hawezi kuuona akiwa mlangoni asipoingia. Na mimi sikuwa nimeingia mle tangu nilipomkaribisha.

"Unalala chini?"

Akaendelea kukunja.

"Mama. Umekuwa ukilala chini siku zote hizi?"

"Kile kitanda kinateleza," akasema. "Nikigeuka naona naanguka. Na kinalia, krr, krr, nashindwa kulala."

Nikavuta shuka. Godoro nililomnunulia, jipya, zuri, nililojivunia kwa wenzangu kazini, lilikuwa na nailoni yake yote. Mimi ndiye niliyetandika shuka juu yake. Mama yangu ana umri wa kuumwa nyonga, na alikuwa amelala kwenye saruji ya ghorofa ya nne ilhali mimi nalala chumba cha pili nikihangaikia zulia la paka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ya paka," mama akasema, "ukasema itachafuka. Ya kwangu ningeanzia wapi?"

Kisu kilikuwa bado mkononi. Nilipiga magoti nikalichana lile godoro kutoka kichwani hadi miguuni, nikalizungusha, nikachana upande wa pili, nalia kama mtoto, na mama hakunizuia wala hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize. Nikatandika upya. Nikamwambia kesho nitamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari la kwanza, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwomba abaki. Akasema sawa.

Niliamka mapema nikavaa. Nikapika chai, nikaifunika. Nilisimama nje ya mlango wa mama nikasikiliza, nikasikia kukoroma. Gari la kwanza likaondoka bila sisi, na la pili, na nilikuwa bado nimesimama pale sebuleni na mkoba begani. Ilikuwa saa tatu kasoro alipotoka, shavu lina mikunjo ya mto, paka akimfuata nyuma.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

Akasimama, akautazama ule mti wa krimu ulioinama ukutani. Akausukuma kwa kidole, kisha akaushika nguzo akaulaza chini kabisa.

"Hiki mrudishie mwenye duka," akasema. "Na unipeleke kwa fundi wa mbao. Huyu anataka kitu kizito, kisichoyumba, na cha kukaa muda mrefu."

Sikumuuliza muda mrefu ni mpaka lini. Nilimmiminia chai, akaketi akainywa.