Mawe Matatu ya Banio

Mama yangu alinilea na methali moja, kikulacho ki nguoni mwako, na nilipoolewa karibu na Bunda nilikwenda nayo. Nilishuku kila mtu, isipokuwa waliokuwa nguoni mwangu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa mwaka mmoja tu. Bustani ya kijiji ya vitunguu ilikuwa kando ya mto mdogo unaoteremka ziwani. Wanaume walipanga mawe na udongo kuukata mto wote, wakatengeneza banio, ili maji yageuke yaingie kwenye mfereji wetu. Mume wangu alikuwa msimamizi wa bustani. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, basi nikafanywa katibu.

Mvua za kwanza zilinyesha juma moja zikakatika, vitunguu vikaanza kulala. Asubuhi moja tukakuta mawe matatu ya katikati yameondolewa. Maji yalikuwa yanakwenda zake ziwani, na mfereji mtupu. Tukayarudisha. Kesho yake tena.

Niliwashuku wanawake wa bondeni kwa sababu walinisalimia mno. Nikamshuku mwalimu kwa sababu hakunisalimia. Mwisho nikatua kwa mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake sita chini ya banio. Mto ulipozibwa, yeye alibakiwa na tope. Pale kwenye mawe niliona alama za katambuga, viatu vya tairi, na mzee alivaa katambuga. Nusu ya wanaume wa kijiji walivaa katambuga, lakini mimi nilikuwa nimeshapata mwizi wangu.

Mkutanoni nilisimama nikasema nimemwona kwa macho yangu. Ulikuwa uongo. Nilichoona ni nyayo.

"Mzee, unasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi nanyweshaga tu, ndugu mwenyekiti. Jiwe sijagusa. Lakini mama katibu amesoma, mimi sikusoma."

Watu wakacheka. Ikaamuliwa ng'ombe wake wasikanyage tena mtoni, na mume wangu alinyoosha mkono kabla ya wote. Nilijivunia mkono ule. Juma lile lile mzee aliswaga ng'ombe wake akaenda kwa ndugu zake Kisorya.

Siku tatu baadaye niliwatangulia wenzangu bustanini nikakuta mawe yameondolewa tena. Niliyarudisha kimya. Alfajiri iliyofuata nilitoka nyumbani nikimwacha mume wangu anakoroma, nikajificha kwenye matete. Hapakupita muda akaja yeye. Aliinua mawe matatu, akayaweka kando taratibu, akasimama kutazama maji.

Nilipojitokeza hakukimbia.

"Ningu wanapandaga mvua za kwanza," alisema. "Wanatoka ziwani kuja kutaga huku juu. Tukiziba mto wote watapita wapi? Miaka miwili tu, hutamwona ningu hapa."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Msimamizi wa bustani aseme maji waachiwe samaki? Wangesema napinga maendeleo."

"Na yule mzee, baba watoto?"

Aliinama akanawa mikono. Hapo kwenye pengo niliwaona ningu kwa macho yangu, safari hii kweli, wakisukumana kupanda. Nilimchukia mume wangu asubuhi ile, nami nikajichukia zaidi.

Tukaanza kuacha pengo la jiwe moja, sisi wawili, tukilifunika kwa matawi. Ningu walipita, na vitunguu vilipata maji ya kutosha. Ingewezekana tangu mwanzo, na mzee angeendelea kunywesha ng'ombe wake.

Mkutano uliofuata nilikwenda nimejiapiza kusema kweli ili mzee aitwe arudi. Mwenyekiti alianza na mimi.

"Mama katibu, yule mwizi wa maji bado anatusumbua?"

Nilisimama. Mume wangu alikuwa anatazama chini.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "tangu mzee yule aondoke, hakuna jiwe lililoguswa."

Wakanipigia makofi.