Bomba Lililomezwa na Buluu

Nakumbuka siku moja kuliko zote za ujana wangu, mwanangu: siku niliyokata maji ya watu Cheptiret bila kushika jembe.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nimeajiriwa kuchora ramani za nyumba katika ofisi ya Mzee Wafula hapa Eldoret. Kompyuta niliijua kumshinda, na jambo hilo nililijua vizuri mno. Mteja wetu, daktari wa mtaa wa Elgon View, alitaka kuwajengea wazazi wake nyumba Cheptiret. Nikachora kila kitu, hata bomba la maji lililopita chini ya kiwanja kwenda kwa jirani. Bomba nikalitia buluu, maana ndiyo desturi ya maji.

Kabla sijageuza mchoro kuwa picha, Mzee Wafula akaniambia, "Chebet, huko nyuma weka nyeupe. Laini zote ziwe nyeusi."

Nikaitikia, kisha nikafanya yangu. Pale pa kuchagua rangi ya nyuma ya picha nikachagua buluu iliyokolea, kuta nikazichora kwa mistari myeupe, bomba nikaliacha na buluu yake. Kwenye skrini ilipendeza, wacha nikwambie! Daktari alisifu, nami nikavimba kichwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, lakini siku hizo niliona wahenga hawakujua kompyuta.

Fundi wa ujenzi alipokea picha kwa barua pepe, akaichapisha kwenye saiba, kile kiduka cha intaneti, pale Cheptiret, kwa printa ya wino mweusi pekee. Karatasi ikatoka giza tupu. Mistari ya kuta ilionekana, ila ile ya bomba ilipotea kabisa. Vijana wakachimba msingi, sururu ikapasua bomba.

Jirani aliyekatiwa maji alikuwa Mama Wambui, mjane mwenye ng'ombe watatu, mmoja akiwa amezaa jana yake. Hakuwa na maji mengine.

Mzee Wafula alinipeleka huko kwa gari lake. Tulipofika, akanipa ile karatasi ya fundi.

"Laini ya maji iko wapi?"

"Iko hapo, Mzee."

"Hapo wapi? Nionyeshe na kidole."

Kidole changu kilizunguka karatasi, kikarudi mfukoni.

"Wewe ulichorea macho yako," akasema. "Huyu fundi alikuwa achimbe na macho ya nani?"

Hakunifukuza kazi, ingawa niliogopa hivyo. Alinipa mtungi wa lita ishirini akanionyesha njia ya mtoni. Kwa siku mbili, mpaka bomba likaungwa, nilipanda kile kilima na viatu vyangu vya ofisi. Ng'ombe aliyezaa hunywa bila huruma, mwanangu. Jioni ya kwanza Mama Wambui alinimiminia chai, nikaona aibu hata kuishika.

"Kunywa, msichana," akaniambia. "Si maji ni yako, uliyoyapandisha mwenyewe?"

Nililia mbele yake, na sioni haya kukwambia.

Leo nimechora nyumba nyingi kuanzia hapa hadi Timboroa, na hakuna fundi aliyepotea kwenye karatasi yangu tena. Ninyi wachoraji wa leo mna rangi za nyuma maelfu. Zichagueni, sikatazi, mteja akitaka picha ya kupendeza, mpe. Lakini ya fundi iwe picha nyingine, nyuma nyeupe na mistari myeusi, na usiitume kabla hujaichapisha kwa printa mbovu kuliko zote unazozijua. Kisha mpe mtu asiyeujua mchoro wako, umwombe akuonyeshe bomba kwa kidole. Akikwama, rudi ukae chini. Haraka haraka haina baraka, na kurudia kazi mezani ni rahisi kuliko kupanda kilima na maji.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akubarikie macho na mikono, na kila atakayechimba kwa mchoro wako alitaje jina lako kwa wema.