Mpini wa Pembe

Juzi, kwa kinyozi mmoja wa Musonoi, mtaa wetu wa zamani, niliona wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Niliutambua kwa misumari yake ya waya wa shaba. Baba yangu ndiye aliyeutengeneza.

Baba alitengeneza nyembe uani kwetu, na mipini yake yote ilikuwa ya mti. Maji na sabuni viliipasua, kwa hiyo jirani yetu Tata Kasongo alirudi kila mara na mpini uliopasuka. Baba alimchongea mwingine polepole, wakinywa chai na kucheka mpaka giza liingie.

Mchana mmoja Tata Kasongo alipokuja, baba alivisukuma kando vipande vyake vya mti, akaipasha pembe moto ili ilainike. Ua mzima ulinuka nywele zilizoungua.

"Tata, leo hautie muti?" aliuliza Tata Kasongo, maana wao kwa wao waliitana tata, yaani mzee.

"Muti inapasuka. Pembe itakaa myaka."

"Sasa mi nitakuya kwako na sababu gani?"

Baba aliinamia pembe. Tupa yake iliendelea kukwaruza. Nilidhani amemchoka rafiki yake, nikamkasirikia. Ndani, mama alikuwa akifunga sufuria kwenye shuka. Nilidhani anafanya usafi. Baada ya siku chache tulikuwa tumelala stesheni na Wakasai wengine kama sisi, tuliofukuzwa mkoani kwa sababu ya asili yetu, tukingoja treni.

Kinyozi yule ni mwana wa Tata Kasongo. Nilimuuliza kama mpini ule umewahi kubadilishwa.

"Hapana, mama," alisema. "Mzee alikufa anangoya ipasuke."