Kalamu Niliyompa Mama Nekesa

Iko siku moja ya Doha, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu jikoni. Juzi uliponiuliza ni kalamu gani ya wino ununue kwa ajili ya kazi zako za kila siku, nilicheka, nikasema tabia hiyo ya kupenda kalamu umenirithi mimi shangazi yako, kisha nikabadilisha mazungumzo. Nilikuwa na sababu. Leo nitakujibu, lakini utanivumilia, maana siwezi kuzungumza habari za kalamu bila kumtaja Mama Nekesa.

Nilikwenda Qatar nikiwa bado msichana, miaka ile Doha haijapata treni, watu tukizunguka kwa basi na teksi. Nilikuwa karani katika ofisi ya wahandisi. Wenzangu wakipata nafasi walikwenda kutazama dhahabu na simu mpya. Mimi nilikwenda kwenye duka dogo karibu na soko la zamani, ambako muuzaji alikuruhusu kuchovya ncha kwenye wino na kuandika chochote utakacho kabla ya kununua. Ningeweza kusimama pale mchana mzima nikiandika jina la mama yangu kwa kila kalamu iliyokuwa kwenye kabati la kioo.

Niliyoipenda kuliko zote haikuwa na sura. Ilikuwa nyeusi, ya plastiki, nyepesi mkononi, ncha yake nyembamba. Iliandika kwenye karatasi duni za ofisini bila wino kusambaa, na hata nikiiacha Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko kule, Jumapili asubuhi nikirudi kazini ilikuwa tayari. Hiyo ndiyo iliyokaa mfukoni mwangu. Nyingine ya kijani niliiacha nyumbani kwa kuandikia barua. Na ilikuwapo ya tatu, nyekundu, nene, yenye pete na kishikizo cha mfukoni, vyote vya rangi ya dhahabu. Hiyo niliinunua kwa sababu ya kung'aa. Nilipoanza kuitumia nikajuta. Ilikuwa nzito, ilinichosha vidole, na wino wake ulichelewa kukauka hata nikawa natembea na madoa kwenye kiganja. Nikaitia kwenye droo.

Basi siku za Ijumaa, baada ya ibada ya kanisani, nilikuwa nawafundisha kusoma na kuandika akina mama wachache waliofanya kazi za nyumbani, Wakenya na Waganda. Tulikutana katika nyumba ya kampuni niliyopewa mtaa wa Al Thumama. Kampuni haikuruhusu mikusanyiko humo, kwa hiyo tulisema kwa sauti ya chini na viatu tukavivulia ndani. Wao waliniita Mwalimu. Sikuwahi kuitwa jina kubwa hivyo maishani, na sitakuficha, lilinilevya.

Mama Nekesa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Alitoka upande wa Bungoma, akafanya kazi kwa familia moja ya Al Rayyan. Aliletwa na kurudishwa na dereva wa nyumba ile, Mzee Athumani, mtu wa Mombasa aliyekuwa amekaa ughaibuni miaka mingi hata Kiarabu akakizungumza kama wenyewe. Mama Nekesa hakuwahi kukanyaga darasa. Alishika penseli kama mtu anayeshika mwiko, akibana midomo, na herufi moja ilimtoa jasho.

Siku aliyoandika jina lake lote bila kunitazama, akina mama walipiga makofi wakasahau kabisa habari ya sauti ya chini. Nami nikataka kuwa mkarimu mbele yao. Nikaenda chumbani, nikafungua droo, nikaitazama ile nyeusi iliyokuwa mfukoni mwangu, nikaitazama ile nyekundu. Nikatoka na nyekundu.

"Mama, hii ni yako," nikamwambia. "Ndiyo kalamu yangu nzuri kuliko zote."

Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Mwalimu, mimi na kalamu ya wakubwa?"

"Wewe ndiye mkubwa," nikasema, na wenzake wakacheka kwa furaha. Nilijua naitoa kwa kuwa siitaki. Nilijua pia kwamba mkono wa anayejifunza ungeteseka nayo. Lakini iling'aa, na wote walikuwa wakitazama.

Haikupita wiki. Nilikuwa ofisini simu yangu ikalia, nikasikia sauti ya Mzee Athumani.

"Bibi, hujambo? Samahani kukukatiza kazi. Kuna jambo hapa nyumbani. Madamu ameiona kalamu nyekundu chumbani kwa Mama Nekesa. Bwana wa nyumba naye ana kalamu kama hizo mezani kwake. Sasa madamu yuwadhani imetoka huko. Mama Nekesa asema amepewa na mwalimu wake. Yuwalia tangu asubuhi. Nimemwambia madamu mwalimu ni wewe, mtu wa heshima. Mimi nitamtafsiria. Sema tu kwamba ni wewe uliyempa."

Nikafungua mdomo niseme. Nikasikia sauti ya mwanamke ikizungumza Kiarabu, kisha Mzee Athumani akarudi. "Auliza wafanya kazi wapi, apige huko ofisini ahakikishe kwamba ni kweli uko."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoiona kazi yangu ikiondoka. Niliona simu ikilia mezani kwa meneja, meneja akiuliza huyo mwanamke ananijulia wapi, darasa likijulikana, mimi nikipandishwa ndege. Ulimi wangu ukajibu kabla ya moyo.

"Mzee, mimi sijampa mtu kalamu."

Mzee hakunibishia. Alisema tu, "Haya, bibi," akakata simu.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nikachukua ile kalamu nyeusi, nikairudisha mfukoni. Unajua maana ya kukutwa na kitu cha tajiri chumbani mwako katika nchi ya watu? Mimi nilijua. Nilijua vizuri, na bado nilikaa kwenye kile kiti hadi saa za kazi zikaisha, nikijiambia kwamba labda mambo yatatulia yenyewe.

Kesho yake asubuhi sikwenda kazini. Nilipanda teksi nikaenda Al Rayyan. Mzee Athumani alikuwa nje ya lango, anaosha gari. Aliponiona hakuacha kuosha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akasuuza kitambaa, akakikamua polepole. "Jana nilisimama mbele ya watu nikasema namjua huyu mwalimu. Ukanifanya mwongo. Mimi hilo nitalimeza, mwanangu, nimemeza mengi. Lakini yule mama ndani wewe ulimwita mkubwa. Alinihadithia garini, njia nzima, akicheka. Kisha jana akasikia ukisema hujampa mtu kalamu."

"Kwani alisikia?"

"Simu ilikuwa kwenye spika."

Nilitaka ardhi inimeze. Mpaka wakati ule nilikuwa nimejidanganya kwamba labda Mama Nekesa hajui nilichosema.

Mzee Athumani akanipeleka ndani. Madamu alikuwa mama wa makamo, mpole kuliko nilivyotarajia, na kumbe Kiingereza alikijua, kwa hiyo tulizungumza wenyewe. Mama Nekesa alisimama karibu na mlango wa jikoni, macho yamevimba. Masanduku yake yalikuwa yamefungwa, yapo ukumbini. Kalamu ilikuwa juu ya meza.

Nikasema yote. Nikaichukua kalamu, nikamwonyesha mkwaruzo ulio chini ya kishikizo, pale nilipoiangusha ngazini. Nikamwambia alama hiyo niliiweka mimi. Nikamtajia na duka, na ofisi yangu, na jina la meneja wangu.

Madamu aliutazama ule mkwaruzo, kisha akanitazama mimi. "Jana kwa nini ulikataa?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

Akageuka akamwangalia Mama Nekesa, akaangalia yale masanduku. "Na yeye," akaniuliza, "unadhani yeye hakuogopa?"

Madamu akainuka, akaenda mpaka pale mlangoni, akamshika Mama Nekesa mikono yote miwili akamwomba radhi. Alimwomba vizuri, bila kujitetea. Nami nilipojaribu kufanya kama yeye, maneno yakanikwama. Nilisema "Nisamehe, Mama," basi.

Mama Nekesa akaichukua kalamu, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akanirudishia kwa mikono miwili, vilevile alivyoipokea. "Asante, Mwalimu. Umeshanifundisha kuandika jina langu. Hilo linatosha."

Hakurudi tena darasani. Wenzake walikuja Ijumaa mbili tatu, wakapungua, tukaacha. Na ofisini kwangu, mwanangu, hakuna simu iliyowahi kupigwa. Niliendelea na kazi yangu salama salimini miaka kadhaa. Wakati mwingine nilitamani wangenifukuza.

Baadaye nilisikia kwamba Mzee Athumani ndiye aliyemalizia kumfundisha, kwenye gari, wakimsubiri madamu atoke madukani. Alimnunulia kalamu za biro za kawaida, zile za kutupa. Siku moja kanisani, karibu na mwisho wa mkataba wangu, nilimwona Mama Nekesa ameketi mlangoni akiandika majina ya wagonjwa wa kuombewa. Aliandika haraka, bila kubana midomo. Ilipofika zamu yangu nikamtajia jina la mama yangu, aliyekuwa akiugua kule nyumbani. Akaliandika vizuri, akaniambia, "Mungu atamponya, dada." Dada. Alinisalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu abiria mwenzake, akamtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Sasa nikujibu. Kwa kazi za kila siku tafuta kalamu nyepesi, yenye ncha nyembamba, inayokubali karatasi yoyote, na wino unaokauka upesi. Ijaribu kwa kuandika mistari mirefu, usiridhike na sahihi moja. Usinunue mng'ao. Ukipenda mbili au tatu, zitumie zote, na ile usiyoipenda irudishe dukani au ukiri kuwa kuinunua ni kosa lako. Usimpe mwenzako ulichokikataa ukakiita kizuri kuliko vyote. Ukitaka kumheshimu mtu, mpe kinachomfaa mkononi mwake, hata kama hakuna atakayepiga makofi.

Na kubwa zaidi, siku utakapoulizwa jambo dogo ambalo mwenzako analitegemea kwa maisha yake, jibu kweli papo hapo. Usijipe hata usiku mmoja wa kufikiri. Mimi nilikwenda kesho yake nikasema kweli yote, na kweli ile ilifungua masanduku yake, lakini jina la Mwalimu halikunirudia. Ukiogopa, sema huku unaogopa. Na ukimkosea mtu, mwombe radhi kwa maneno kamili, usisubiri yajitokeze yenyewe.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe riziki isiyokulazimisha kumkana mtu. Awaweke karibu nawe wazee wa kukukanya mapema, na akuhifadhi na aibu ya kusalimiwa kwa adabu na mtu aliyekuwa akikupenda.