Pacha wa Chumba cha Pasi

Mama yangu alipiga pasi nguo za watu maisha yake yote, katika chumba cha nyuma cha hoteli, chumba chenye dirisha moja na mvuke wa kumpoteza ng'ombe. Mashati yalining'inia kwenye kamba juu ya kichwa chake, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni watu waliolala wima. Ukimwita, sauti yake ilikufikia kabla hujamwona.

Kwa hiyo macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alilaumu mvuke. Alimwomba msimamizi afungue dirisha, akaambiwa liko wazi tangu asubuhi. Akacheka, akaendelea kupiga pasi kwa kupapasa. Lakini nyumbani hatukuwa na mvuke, na nyumbani pia alimimina chai pembeni ya kikombe. Nilipombembeleza aende hospitali alinijibu kwamba macho yanangoja, nguo za watu hazingoji. Usipofika kazini hulipwi, na foleni ya macho inakula siku nzima, kisha unaambiwa urudi kesho. Basi macho yakangoja, miaka ikapita.

Mama ana pacha, ninayemwita mama mkubwa kwa kuwa ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Walianza kazi pamoja katika chumba kile kile, wasichana wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Ikatokea familia moja iliyokuwa ikihamia nchi ya mbali ikataka yaya, na bibie mwenye mtoto akamchukua aliyekuwa karibu na mlango. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa lolote. Mmoja alikuwa anatoka kuanika mashuka. Mpaka leo natafuta wa kumgombeza, simpati.

Huko alikokwenda mama mkubwa, daktari anakuita kabla hujaumwa. Naye aliwahi kupata mtoto wa jicho; akatolewa mapema, mchana akawa nyumbani anakula. Alipostaafu akajifunza kuogelea. Mama aliposimuliwa hilo kwenye simu alitaka kujua anaogelea kwenda wapi.

Nilimweleza mama mkubwa hali ya macho, akafunga safari. Nilimkuta mlangoni kwetu amebeba sanduku lake mwenyewe, mgongo umenyooka, meno yote yapo. Sura ni ya mama, ila ya mama wa zamani sana. Nilifurahi, na hapo hapo nikaona wivu.

Walikaa kitandani wameshikana mikono. Mama alimpapasa uso kama anavyopapasa kola ya shati.

"Pacha, nataka nikuone," alisema. "Nikikuona wewe, nitajua na mimi nilivyo."

Ndio ulikuwa utaratibu wao. Utotoni hawakuwa na kioo. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akajua kama yeye mwenyewe amependeza. Mama hakuwahi kununua kioo. Watu walipoanza kumwita bibi, alidhani ni heshima tu, kwa sababu ana wajukuu.

Daktari alituambia ukweli. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, lilichelewa mno. La kulia angejaribu, lakini asingeahidi kitu. Mama mkubwa akalipia. Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimwambia mama amwache binti yake mkubwa asubiri nje pamoja na mdogo. Binti mkubwa aliyetajwa alikuwa pacha wake. Mama aliona anataniwa, akaingia huku anacheka.

Siku ya kufunguliwa bandeji mimi sikuweza kutazama. Nilimsikia mama akivuta pumzi.

"Kumbe," alisema, amemkazia macho pacha wake. "Kumbe bado hatujazeeka."

Mama mkubwa alinitazama. Kisha akainama kumtafutia mama viatu vyake.

Tulitoka kupitia ukumbi mrefu wenye kuta nyeupe. Mama alikataa kushikwa mkono. Alitutangulia akitaja rangi za viti na za nguo za watu, kwa sauti ya chini, kama anazichagua. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na kioo kirefu, kutoka sakafuni hadi juu. Nilikiona nikiwa nimechelewa.

Mama alikutana na kikongwe aliyepinda mgongo, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, bibi," alisema, akasogea kumpisha.

Bibi naye akasogea, upande ule ule.

Mama akasimama. Akainua mkono polepole, akaugusa mdomo wake. Mama mkubwa akamfikia, akamkumbatia begani huku machozi yanamtoka, na kioo kikawaonyesha wote wawili, mtu na mwenye umri wa kumzaa.

"Tulizaliwa siku moja," mama alisema. Hakuwa anamwambia pacha wake. Alimwambia yule bibi kwenye kioo, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni aliyekosea nyumba.