Jina la Mwalimu kwenye Kioo

Siku ya kwanza kazini, bosi wangu, Singasinga mwenye saiba, duka la intaneti, pale mjini Nakuru, aliniuliza cheti. Nikamwambia shule niliachia darasa la tano, lakini anionyeshe mashini iliyokufa. Akanionyesha. Kufika jioni ilikuwa imewaka. "Mzee, kesho uje mapema," akasema.

Nyinyi vijana hamkuona virusi vya siku zile, programu chafu zinazoingia na flashi ya mteja na kuua mashini yote. Mwaka wa 2007 nikachoka. Nikaweka Linux, mfumo wa bure, kwa kompyuta zote. Mfumo ndio roho ya mashini. Bila huo ni sanduku tu. Virusi vikakoma. Wateja pia.

Mtu anakaa, anaangalia kioo cha mashini, anasimama, anatoka. Msichana mmoja wa mtaa wa Rhonda aliniambia, "Mzee, hii imenyamaza sana. Ni kama nyumba ya watu wamehama."

Bosi akanipa mwezi. "Viti visipojaa, huo mfumo unatoka, na wewe unaufuata."

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa kule Bahati, nje ya mji. Mfumo ule huweka jina la kila mtumiaji kwenye kioo. Unalibonyeza, unaandika neno lako la siri. Lake nililiweka kwa mashini zote, akae popote. Alikuwa akiinama kwa mama aliyeketi jirani: "Mathe, bonyeza hapa. Haiumi!" Jirani naye akamwonyesha jirani. Viti vikaanza kujaa.

Kisha Desemba ya uchaguzi ikaisha vile ilivyoisha, kwa damu na moto. Tulipofungua tena mji ulikuwa kimya, unanuka moshi. Mwalimu hakuja. Nikaenda Bahati: mlango wazi, sufuria mekoni, na hakuna jirani wa kuuliza.

Lakini kila asubuhi nikiwasha, jina lake lilikuwa pale juu kwa kila kioo, likingoja. Wateja wachache waliorudi waliliona.

"Huyo si yule mwalimu?"

Mkono wa mteja unarudi nyuma. Anatoka.

"Lifute," bosi akasema.

"Bosi, mtu hajazikwa, nitamfuta vipi?"

"Basi toa mfumo wote."

Nikautoa. Kazi yangu ikabaki. Wateja wakarudi, virusi navyo. Mashini moja tu nilimwomba nisiiguse, nikaenda nayo nyumbani kama ilivyo, jina la mwalimu likiwa humo.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kwa nini watu walikataa kitu kizuri, tena cha bure. Nawaambia: hakuna mtu hufundishwa kompyuta na kompyuta. Hufundishwa na aliyekaa kiti cha pili. Huyo akiondoka, hata mashini nzima inakuwa mgeni.

Ile yangu bado naiwasha. Wajukuu hubonyeza jina langu. La mwalimu hawaligusi. Kando nimeweka kiti cha pili. Sijawahi kumkataza mtu kukikalia, na hakuna aliyewahi kukikalia.